Bolti, nati na vibano vya keria: uchague nini kwa paa la gari lako

Keria ikichomoka juu ya gari, lawama ya kwanza huiangukia bolti: ilikuwa nyembamba, ilikuwa hafifu, ingewekwa nene kidogo haya yasingetokea. Lakini mara nyingi ukiiokota hiyo bolti utaikuta nzima, nyuzi zake safi kabisa. Haikukatika. Ilifunguka yenyewe, robo mzunguko leo, robo mzunguko kesho, hadi siku upepo ulipopata upenyo.

Kwa sababu hiyo sitaanza na bolti ipi ina nguvu kuliko nyingine. Kwanza ni paa, kisha namna keria inavyolishika paa hilo, halafu ndipo bolti, nati na washa. Kwenye bolti na nati nitakaa zaidi, kwa kuwa huko ndiko una uhuru wa kuchagua. Kwenye paa, gari lenyewe limeshakuamulia karibu kila kitu.

Paa lako ni la aina gani?

Gari lenye gata, yaani ile kingo ya bati iliyokunjwa juu ya milango ili kukinga maji ya mvua, ndilo rahisi kuliko yote. Land Rover Defender za zamani na Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 ni mifano inayojulikana. Mguu wa keria unakaa ndani ya gata na kibano kinaikumbatia kingo kutoka chini. Hutoboi chochote, miguu unaisogeza mbele au nyuma upendavyo, na unaweza kuweka sita au minane ili mzigo ugawanyike. Udhaifu wake ni kutu. Mguu ukikwaruza rangi ndani ya gata, maji yanatuama papo hapo, na kwa kuwa mguu wenyewe umefunika jeraha, unaligundua bati likiwa limeshaliwa. Kati ya kibano chenye mpira au plastiki ngumu pale kinapogusa bati na kile cha chuma kitupu, chukua cha kwanza hata kama cha pili kinaonekana cha kiume zaidi.

Reli zilizoinuka, zile zenye nafasi ya kupitisha mkono chini yake, zinapokea kibano cha kuzunguka. Kufunga ni kazi ya dakika chache na kufungua vilevile. La kuangalia ni kama reli hizo ni za kubeba mzigo kweli, maana yapo magari yenye reli za urembo tu. Kitabu cha gari ndicho kinachojibu hilo. Kuitikisa reli kwa mkono hakutoshi. Reli zilizolala juu ya paa bila nafasi chini yake zinahitaji mguu uliochongwa kwa umbo lake hasa. Hapo usikubali maneno ya "inakaribiana". Mguu unaoshika kingo mbili badala ya uso mzima utakaa vizuri gari likiwa limesimama, kisha utaanza kutembea barabarani.

Halafu kuna sehemu maalumu za kiwandani: matundu yenye nyuzi yaliyofichwa chini ya vifuniko vidogo au chini ya ule ukanda mweusi wa paa. Gari lako likiwa nayo, yatumie. Mtengenezaji ameyaweka juu ya fremu, mahali ambapo bati limeimarishwa. Hasara yake ni kwamba huwezi kuyahamisha, kwa hiyo umbali kati ya nguzo mbili za keria, yaani fito zinazokatiza paa, ni ule uliopangwa, upende usipende.

Hapo kwenye matundu ya kiwandani ndipo urefu wa bolti unapoharibu kazi nzuri. Bolti ndefu kupita kiasi inagota mwisho wa tundu kabla kichwa hakijaugandamiza mguu. Mkononi utahisi imekaza barabara, kumbe imekaza kwenye sakafu ya tundu na mguu unaelea. Tundu likiwa halina sakafu, ncha inaingia mahali usipopaona, na pembeni mwa paa ndimo inamopita mifuko ya hewa ya pazia katika magari mengi ya sasa. Pima hivi: ingiza bolti kwa vidole bila mguu hadi igote, kisha pima kipande kilichobaki nje. Unene wa mguu pamoja na washa zake lazima uzidi kipande hicho. Upande wa pili, nyuzi zinazoingia ndani zisipungue kipenyo cha bolti: bolti ya M8, yaani ya kipenyo cha milimita 8, iingie angalau milimita 8 kwenye chuma, na kwenye alumini nusu zaidi ya hapo au mara mbili. Ikiwa bolti haigoti popote, rudi kwenye urefu alioutaja mtengenezaji na usiongeze hata kidogo.

Paa tupu lisilo na chochote linategemea kulabu zinazoshika kingo ya fremu ya mlango huku mguu wa mpira ukisukuma paa kwa juu. Inafanya kazi, mradi kulabu ziwe za modeli hiyo hiyo ya gari. Kulabu ya modeli jirani ikipinda milimita chache tofauti, inashika kwa ncha, na mlango ukifungwa unaigonga kila siku. Kwa mzigo mwepesi wa mara chache inatosha. Kwa safari ndefu za njia mbovu ningetafuta gari jingine la kubebea mzigo huo.

Kutoboa paa na kuweka nati za riveti, zile zinazobanwa ndani ya tundu la bati, ndilo chaguo langu la mwisho. Bati la paa ni jembamba, kwa kawaida halifiki hata milimita 1, na nati ya riveti iliyobanwa kwenye bati tupu inazuia mguu kuteleza lakini ikivutwa juu bati linabonyea na tundu linapanuka. Kama huna budi, mfano kwenye gari la mizigo, toboa palipo na boriti ya ndani au weka bamba la chuma upande wa chini, paka rangi kingo za tundu, kisha ziba kwa silikoni ya magari. Sumaku na vikombe vya kunyonya sitavijadili. Ni vya vitu vyepesi na vya muda.

Lolote utakalochagua, kikomo cha mzigo ni cha kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Magari mengi madogo yanaruhusu kilo 50 hadi 100 juu ya paa wakati wa mwendo, na keria yenyewe imo ndani ya hesabu hiyo. Keria ya chuma yenye kilo 30 kwenye paa la kilo 75 imekuachia kilo 45. Miguu iliyoandikwa kilo 100 haiongezi uwezo wa paa hata gramu moja.

Nguvu inayoivuta keria ni kiasi gani?

Watu huwaza uzito unaoshuka chini, na bolti haifanyi kazi kubwa hapo. Uzito unabebwa na mguu. Bolti inafanya kazi pale mzigo unapotaka kupanda juu au kukimbia mbele.

Chukua mzigo bapa wenye eneo la mita 2 za mraba, ubao au godoro. Kwa kasi ya kilomita 100 kwa saa, upepo una mgandamizo wa takriban paskali 460. Ukipata njia ya kuingia chini ya ubao huo, unaweza kuunyanyua kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 94. Kwa kilomita 80 mgandamizo ni karibu paskali 300. Kwa kilomita 120 unafika karibu 670. Kutoka 80 hadi 120 kasi imeongezeka kwa nusu, nguvu imezidi mara mbili. Breki nayo si haba: kilo 60 zikizuiwa ghafla kwa nguvu zinasukuma mbele kama uzito wa kilo 48 hivi.

Linganisha sasa na bolti. M8 ya daraja 8.8 inabeba zaidi ya tani 2 kabla haijaanza kunyooka, yaani kurefuka bila kurudi. Hata M6 ya chuma kisichoshika kutu (stenlesi) inakaribia kilo 900. Keria ina miguu minne, na upepo wote ule haukufika kilo 100. Ndiyo maana nasema unene wa bolti si ugonjwa unaotibiwa hapa.

Madaraja ya bolti

| Bolti | Inakatika kwa (MPa, megapaskali: nguvu kwa eneo) | Inaanza kunyooka kwa (MPa) | Inafaa wapi |
|---|---|---|---|
| 8.8 ya zinki | 800 | 640 | Keria za chuma, sehemu nyingi za kawaida |
| 10.9 | 1,000 | 900 | Ni nadra kuhitajika juu ya paa |
| A2-70 (stenlesi) | 700 | 450 | Mvua nyingi, gari linalolala nje |
| A4-70 (stenlesi) | 700 | 450 | Pwani, barabara zinazomwagwa chumvi |

Namba za bolti ya kawaida zinajisomea zenyewe kichwani mwake. Katika 8.8, ya kwanza ukizidisha kwa 100 unapata nguvu ya kukatika. Ya pili inakwambia kuwa asilimia 80 ya hiyo ndipo inapoanza kunyooka bila kurudi. Bolti isiyo na namba yoyote kichwani usiiweke kwenye mguu wa keria. Hujui ni chuma gani.

Kati ya 8.8 na 10.9, baki na 8.8. Nguvu ya ziada haina kazi, na kadiri chuma kinavyokuwa kigumu ndivyo kinavyopungua uvumilivu wa kupinda kabla ya kupasuka. Zile bolti nyeusi za kufungwa kwa spana ya alenki, nyingi zikiwa 12.9, zinavutia macho siku ya kwanza, lakini ule weusi si kinga ya kutu ya maana na mvua inazimaliza haraka.

Uchaguzi wenye uzito ni kati ya zinki na stenlesi. Zinki inajitoa mhanga ili chuma kisishike kutu, na ikishakwisha, kutu huanzia kwenye nyuzi na pembe za kichwa, sehemu zile zile unazozihitaji siku ya kufungua. Stenlesi haina shida hiyo ila ina mbili za kwake.

Ya kwanza ni kushikana. Nati ya stenlesi kwenye bolti ya stenlesi, ikikazwa haraka kwa mashine, inapata joto na nyuzi zinararuana. Unaanza kuhisi uzito usio wa kawaida, nati inasita kabla haijafika chini, ukisukuma kidogo tu imeganda. Haipandi wala haishuki, na dawa iliyobaki ni msumeno. Ukihisi ule uzito wa mwanzo, simama, rudisha nyuma, safisha, paka grisi maalumu ya kuzuia kushikana, kisha kaza taratibu kwa mkono. Kumbuka pia kwamba nyuzi zenye grisi zinateleza, kwa hiyo mkazo uleule wa spana unaivuta bolti zaidi kuliko ikiwa kavu. Punguza kidogo.

Ya pili ni ndoa ya stenlesi na alumini. Maji yenye chumvi yakiingia kati yao, alumini ndiyo inayoliwa. Chungulia chini ya washa ya keria ya alumini iliyokaa pwani misimu michache na utaona unga mweupe umezunguka tundu, na chini ya unga huo vishimo vidogo. Bolti inang'aa kama mpya. Kilichoondoka ni kile ilichokuwa imekishika. Kwa bahati nzuri, bolti ndogo kwenye kipande kikubwa cha alumini huharibu polepole. Washa ya nailoni au ya plastiki ngumu chini ya ile ya chuma, pamoja na grisi ya kuzuia maji, inatosha kwa wengi. A4 inaishinda A2 mbele ya chumvi kwa sababu ina molibdenamu ndani yake, lakini haibadilishi chochote kuhusu alumini iliyo chini yake.

Kuhusu kukaza: majedwali yatakupa takriban Nm (niutoni-mita, kipimo cha mkazo wa spana) 10 kwa M6 na Nm 25 kwa M8 za daraja 8.8. Yasikudanganye. Hayo ni ya chuma juu ya chuma. Mguu wa keria una plastiki, mpira na alumini, na mara nyingi maelezo yake yanaomba chini ya hapo sana. Shika namba ya keria, na kama huna spana ya kupimia mkazo, azima. Hakuna mkono unaojua Nm 6.

Nati na washa: hapa ndipo pesa yako ifanye kazi

Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kinachofungua bolti hasa ni mtikiso wa kando, pale vipande viwili vilivyobanwa vinapoteleza kushoto na kulia. Kipimo kilichotokana na kazi yake bado kinatumika kupima vifaa vya kufungia, na keria ni mahali ambapo mtikiso huo haukosekani.

Washa ya springi, ile iliyokatwa na kupindwa kidogo, ndiyo inayopatikana kila mahali na ndiyo inayoshindwa vibaya kwenye kipimo hicho. Bolti ikikazwa inavyopaswa, washa inalala bapa na kuanzia hapo ni washa ya kawaida. Sioni sababu ya kuinunua kwa kazi hii.

Nati yenye pete ya nailoni ni jambo jingine. Haiilindi nguvu ya kubana kikamilifu, ila nati hata ikilegea haitoki ikaanguka, na kati ya kelele juu ya paa na mzigo barabarani hiyo ni tofauti kubwa. Hakikisha nyuzi moja au mbili za bolti zimetokeza juu ya pete; zisipotokeza, nailoni haijashika kitu. Siku unayoweza kuizungusha kwa vidole mahali pa nailoni, ibadilishe. Kwa sehemu zote za keria zenye nati, hii ndiyo ningeanza nayo.

Gundi ya nyuzi ndiyo mshindi pale ambapo hakuna nati, yaani kwenye yale matundu ya kiwandani. Chukua ya nguvu ya kati, ambayo kwa kawaida huwa ya bluu, inayofunguka kwa spana. Nyekundu inadai moto wa nyuzijoto 250 au zaidi ili iachie, na hutaki moto wa namna hiyo karibu na rangi ya paa. Safisha mafuta kwanza, weka matone machache, na uiache saa 24 kabla ya kubeba mzigo wa maana. Isiguse vifuniko vya plastiki, baadhi ya plastiki hupasuka zikiguswa nayo. Wala usiweke gundi na grisi kwenye bolti moja. Hizo mbili zinapingana, chagua kulingana na kinachokusumbua zaidi.

Washa pacha za kabari, zenye meno upande mmoja na miteremko upande mwingine, ndizo bora kwa mtikiso. Bolti ikijaribu kurudi nyuma, miteremko inapandiana na kuikaza zaidi. Tatizo ni kwamba meno yake yanataka chuma cha kuuma. Kwenye alumini laini yanachimba, kwenye plastiki hayana maana, na yakiuma rangi yanaita kutu. Ni za keria nzito ya chuma yenye miguu ya chuma, na bei yake inalingana na ubora huo.

Kuna adui mmoja ambaye hakuna nati inayomweza: mpira uliobanwa katikati. Mpira hunyong'onyea taratibu baada ya kubanwa, na nguvu ya bolti inashuka hata kama nati haijasogea. Ndiyo maana maelezo ya keria nyingi yanataka ukaze upya baada ya safari fupi ya kwanza. Kilomita 50 hadi 100, simama, pima tena. Ukishakaza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye mguu. Ukiupita kwa macho kila unapojaza mafuta utajua kama kuna nati iliyosogea bila kushika spana, ila huo mpira uliolegea hutauona kwa mstari. Huo unataka spana.

Kufunga vitu juu ya nguzo za keria

Nguzo za alumini zenye mfereji juu yake hupokea bolti yenye kichwa cha T. Mfereji wa milimita 20 ni wa kawaida, ingawa upo pia wa 24, kwa hiyo pima kabla ya kununua. Ziko namna mbili. Ile ya kuingiza kutokea mwisho wa nguzo inakulazimu kung'oa kifuniko cha mwisho, ila kichwa chake ni kipana na kinashika vizuri. Ile ya kudumbukiza kutoka juu na kuizungusha robo ni ya haraka, na hapa jicho lifanye kazi: kwenye ncha ya bolti nyingi za namna hiyo pana alama ya mstari inayoonyesha kichwa kimelala vipi chini. Mstari ukikatiza mfereji, kichwa kimeshika pande zote mbili. Mstari ukifuata mfereji, hujafunga kitu, hata kama nati imekaza.

Kwa turubai la kivuli au kitu chochote kirefu kinachoning'inia upande mmoja, achana na vichwa vidogo. Tumia bamba refu la kuteleza ndani ya mfereji lenye bolti mbili au zaidi, maana kichwa kimoja kinaweza kupanua midomo ya alumini.

Bolti za U ni bora kwa keria za mabomba ya chuma, zikiwa na bamba la upande wa pili na nati za nailoni. Umbo liendane na bomba: U ya duara kwa bomba la duara, ya mraba kwa la mraba. Kwenye nguzo za alumini zenye umbo la bawa ziache kabisa. Zinagusa sehemu mbili tu, unakaza ili zisiteleze, nguzo inabonyea, zinalegea, unakaza tena.

Ningechagua nini

Gari la familia lenye sehemu za kiwandani na keria ya alumini: bolti za A2-70 za urefu uleule ulioandikwa, gundi ya bluu, washa ya plastiki chini. Likiishi karibu na bahari, A4 badala ya A2. Gari la gata lenye keria ya chuma na njia mbovu: miguu sita au zaidi, 8.8 ya zinki, nati za nailoni, na washa za kabari pale chuma kinapogusana na chuma bila rangi unayoijali. Reli zilizoinuka na mzigo wa wikiendi: vibano vya kukumbatia vyenye kufuli, basi.

Kwa vitu unavyovitoa kila wiki, kitasa cha kuzungusha kwa mkono kinashinda bolti, kwa sababu bolti usiyotaka kuihangaikia hutaikaza vizuri. Kwa vinavyobaki juu mwaka mzima, bolti zenye kichwa cha nyota chenye kitovu katikati zinamchelewesha mwizi asiye na kifaa chake. Kifaa hicho, pamoja na bolti mbili na nati mbili za akiba za saizi ya miguu yako, vikae ndani ya gari. Watu wengi huviacha nyumbani kwenye boksi la keria.